Mtu wa Pembeni ya Kioo

Mkata,
5 Julai 2003

Binamu Hajira,

Kuanzia Segera mpaka Chalinze hajazaliwa mtu anayeijua sinema kunizidi mimi, na kama kazaliwa basi bado ananyonya. Hao wazungu wanaozitengeneza, wakikwama mahali, wangekuwa na akili wangempa konda barua aniletee hapa Mkata niwaelekeze. Shule sikuacha kwa ujinga kama mama yako anavyotangaza (mpe shikamoo yangu, mwambie namwombea). Niliacha kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Sasa kaa chini. Banda letu la sinema limepata deki ya DVD. Siyo ile ya zamani inayomeza mkanda mpaka tunauvuta nje kama utumbo wa kuku. Hii nikibonyeza rimoti, kijilango kinatoka chenyewe kama ulimi, naweka sahani, kinarudi. Siku ya mnada watu wanaingia kuangalia kijilango tu, sinema baadaye. Aliyeinunua ni Bwana Isihaka, lakini unavyojua yeye ni mmiliki tu. Meneja ni mimi.

Ila ile DVD ya wapelelezi uliyonitumia ilitaka kuniharibia jina. Sinema inaanza, juu kweusi, chini kweusi, picha imejibana katikati kama mtu aliyelazwa kati ya wageni wawili wanene. Unakikumbuka kile kitambaa cha kufuma alichonipa bibi, huwa nakitandika juu ya TV kinaning'inia kidogo mbele. Mzee mmoja akanyanyuka na fimbo yake, kwa adabu zote, akakifunua. Kweusi kupo. Akakiondoa chote, akakikunja, akanikabidhi. Kweusi bado kupo. Akaniuliza kwa upole kama kuna kitambaa kingine ndani. Basi banda likaniwakia. Wanasema wao wamelipia TV nzima, mimi nawaonyesha kipande, kingine nimemfichia nani? Nikawaambia ni pazia la heshima, huko Ulaya sinema nzuri haivuliwi nguo zote. Wakacheka, nikapona. Mara ya pili sitapona. Kwa hiyo, mtoto wa shangazi, hizo za pazia jeusi baki nazo Korogwe mnakopenda kubanwa. Mimi niletee zinazojaa.

Na kuna moja naitaka kuliko zote. Yupo mfugaji wa Mazingara anaitwa Lekakeny, mrefu, mpole, akija mnadani lazima apite bandani. Miaka yote anasema aliwahi kuingizwa kwenye sinema. Walikuwa wamepeleka ng'ombe kaskazini, wakakuta wazungu wanapiga picha, wakapewa dume moja wapite nalo mbele ya mashine. Sinema ni ya mwanamke rubani anayeanguka na ndege yake nyikani. Hakuna anayemwamini. Hapa wamempachika jina la Staringi, akipita na mbuzi wake wanamwuliza kama leo atapigana na adui au amepumzika. Yeye anatabasamu tu. Juzi akanijia peke yake, akaniomba niitafute. Nikamwambia kwa mtu kama mimi hilo ni jambo dogo kama kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo, tafadhali, nifungie hiyo kamba.

Mtoto wa mjomba wako, meneja,
Kibwana


Korogwe,
10 Julai 2003

Meneja wa mabenchi,

Mama amepokea shikamoo na anasema bado anasubiri ule mkeka ulioazima. Mimi sijambo. Konda aliniambia umeanza kutembea na rimoti mfukoni hata ukienda kisimani. Sikumbishia, nakujua.

Nimeipata sinema yako. Usijipongeze, hukufanya kitu. Yule mzungu wa Hale, wa kituo cha umeme, alimaliza mkataba wake akauza vyombo, na Mzee Mwinjuma, bosi wangu hapa duka la kukodisha sinema, alikwenda kununua jokofu akarudi na katoni ya DVD. Humo ndani ilikuwemo, rubani na ndege na nyika na kila kitu. Mzee Mwinjuma anasema ameulizia mpaka Tanga na Arusha, nyingine hakuna. Kwa hiyo naituma kwa sharti moja, irudi kama ilivyokuja. Ikichelewa, dukani nitatoka mimi.

Sasa soma polepole, weka kidole kwenye mstari. Sahani hii ina pande mbili, na pande zote mbili zinacheza. Upande mmoja ni picha pana, yenye hilo pazia lako. Upande wa pili imejaa TV. Wewe unadhani pazia linakunyima. Si kweli, Kibwana. Sinema ilipigwa ikiwa pana, na TV zetu ni za mraba. Chukua kanga ya bibi uitandike kwenye kile kimeza cha chai. Ukitaka kanga yote ionekane, itabidi iwe ndogo, pindo na vyote, na meza itabaki wazi huku na huku. Ukitaka ijaze meza, pindo linaning'inia pembeni, halionekani. Meza imejaa kweli, lakini pindo umelipoteza. Kwenye sinema iliyojaa TV, walichokifanya ni kukata pembeni.

Tuliitazama dukani mimi na Mzee Mwinjuma, tukaigeuza tukaitazama tena. Lekakeny wako si mwongo. Wapo wawili na dume jeusi wanavuka korongo. Mmoja katikati, mrefu, uso wa kazi. Mwingine kushoto kabisa, mwembamba, anatembea kama ardhi inamchoma. Kwanza unamwona mgongo na bega. Halafu anageuka, anaitazama mashine, anacheka, ana pengo la mbele, kama mtu aliyekatazwa asifanye hivyo akashindwa kujizuia. Mzee Mwinjuma, ambaye hajacheka tangu niajiriwe, alicheka. Ikabidi turudishe tumtazame tena.

Tulipogeuza sahani, upande uliojaa TV, yule wa kushoto hayupo. Kuna ncha ya fimbo inapita, basi. Kama hujui, huwezi hata kujua kulikuwa na mtu.

Kwa hiyo onyesha upande mpana. Wakilalamika wasimulie ya kanga.

Hajira


Mkata,
14 Julai 2003

Hajira mwalimu wa kanga,

Sahani imefika salama kwenye mfuko wa unga, konda kaipakata kama mtoto mchanga. Nimeijaribu pande zote mchana kutwa, nimemaliza petroli ya jenereta, Bwana Isihaka kanuna, nimefurahi mpaka chakula nilisahau. Lekakeny yumo kweli! Nilipomwona niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti. Mtu ambaye juzi nimemwona anabishana bei ya chumvi, leo yumo ndani ya TV, na nyuma yake ndege inawaka moto.

Sasa nisikilize mimi nami nikufundishe, maana elimu ya dukani siyo elimu ya bandani. Upande wa pazia, Lekakeny ni mdogo kama kidole. Upande uliojaa, anajaa kweli, unamwona mpaka kovu la nyusi. Mtu amechekwa miaka yote hiyo, nimwonyeshe mdogo kama kidole? Nataka wale wanaomwita Staringi wamwone mkubwa kuliko wao. Na huyo mcheshi wako mwenye pengo, sina ugomvi naye, lakini nani anakuja na benchi lake kuangalia mtu wa pembeni?

Nimeshatangaza. Nimechora ubao kwa mkaa na chokaa, nimeutundika kwenye mkwaju wa stendi, mabasi ya Arusha yanapunguza mwendo kuusoma. Itakuwa Jumamosi, siku ya mnada.

Tatizo lilikuwa moja tu. Sahani haina picha upande wowote, pande zote zinang'aa kama kioo, na hivyo viherufi vya katikati vinahitaji macho ya sisimizi. Nikikosea mbele ya watu lile pazia likarudi, nimekwisha. Lakini unaongea na fundi. Upande wa pazia, ambao hatutautumia hata siku moja, nimeuwekea alama yangu, alama ya kudumu, isiyofutika kwa jasho wala kwa kitambaa. Sasa hata taa ikizimika napapasa na kidole, najua. Wazungu na akili zao zote hawakulifikiria hilo.

Lekakeny alikuja jana nikamwambia imepatikana. Alishika mlango. Akaniuliza kama nimeitazama, nikamwambia mpaka naota. Akaniuliza, "Tutaonekana wote?" Nikamwambia wewe utaonekana kuliko wote, utajaa hapa mpaka hapa. Akasema atamleta mama yake. Mama huyo hajawahi kutazama TV maishani mwake na hakuna kinachomtoa bomani. Na akaomba, wakati watu wa ng'ombe wanapita, watu wasipige kelele. Nikamwambia usiwe na aibu, ustaa ndivyo ulivyo, utauzoea.

Kibwana, fundi


Mkata,
20 Julai 2003

Hajira,

Ungekuwepo. Ungekuwepo, ungeacha duka la Mzee Mwinjuma ukaja kunifagilia banda.

Watu walijaa mpaka nikatoa ukuta mmoja wa makuti ili wa nje nao waone. Waliacha mbuzi mnadani bila mwenyewe. Wale vinara wa kumcheka Lekakeny nikawaweka mbele kabisa, makusudi, wasije wakasingizia hawakuona. Mama yake nikampa kiti cha Bwana Isihaka, chenye mgongo. Mama mwembamba, kanyooka, shanga mpaka mabegani, hakugeuza shingo. Nilimsalimia shikamoo mama, akaniwekea kiganja kichwani. Basi nikajiona nimeshabarikiwa kabla ya kazi.

Rubani akaruka, akaanguka, ndege ikawaka, watu wakasema maskini. Nikawaambia tulieni sasa. Korongo likatokea, dume likatokea, Lekakeny akatokea. Kajaa, Hajira. Kajaa kioo chote, kovu na vyote. Mmoja wa wale wa mbele akavua kofia. Akamgeukia Lekakeny akamwambia, "Kaka, tusamehe." Nilisikia raha kama vile ni mimi nimo kwenye TV. Niliirudisha, wakamwona tena, nikairudisha tena, banda lilikuwa linavuma kama mashine ya kukoboa.

Cha kuchekesha ni mama. Mara ya kwanza akamwuliza Lekakeny kitu kwa Kimaasai, naye akamjibu neno moja. Niliporudisha akauliza tena, Lekakeny hakujibu. Mara ya tatu mama akasimama, akatembea mpaka kwenye TV, akaipita, akainama akachungulia ubavuni mwake, halafu nyuma, penye waya. Akapitisha mkono hewani pale pembeni, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mgeni wa TV, maskini, anadhani watu wamejificha humo. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nami nilicheka, sitaki kusema uongo.

Wakaondoka kabla haijaisha. Lekakeny alinishika mkono, akasema asante, lakini hakuniangalia. Mimi nimemfanya mkubwa Mkata nzima na ananiaga kama mtu anayetoka msibani. Labda mama alichoka, au hakuipenda pua yake ilivyoonekana. Wasanii wana mambo.

Nitairudisha sahani wiki ijayo, watu bado wanaidai.

Kibwana


Korogwe,
23 Julai 2003

Kibwana,

Mama yake alichungulia upande gani wa TV?

Jibu usinipe mimi, jipe mwenyewe. Halafu umfuate Lekakeny umwulize yule mwenye pengo ni nani. Mwulize, usimweleze. Na ukishauliza ufunge mdomo mpaka amalize, hata ikikuuma.

Hajira


Mkata,
28 Julai 2003

Binamu,

Ni wa kushoto. Alichungulia kushoto.

Nilimfuata Lekakeny mnadani, nikamkuta anawatazama ng'ombe wa watu. Nilimwuliza. Nikafunga mdomo kama ulivyosema. Iliniuma kweli.

Ni mdogo wake, wa tumbo moja. Walikwenda wote kaskazini na ng'ombe, wakapigwa picha wote, yule mdogo akaambiwa mara kwa mara asiitazame mashine, na kila mara anatazama, anacheka, mpaka yule mzungu akachoka akaacha hivyo hivyo. Wakati wa kurudi mdogo akashikwa na homa njiani. Amebaki hukohuko. Mama hakumwona akiumwa, hakumwona akifa, hajui hata mti aliolazwa chini yake. Picha ya kitambulisho hakuwahi kupiga. Kipo hicho tu, kile kipande cha korongo.

Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Nilikuambia. Nilikuuliza kama tutaonekana wote." Kwao, Hajira, mtu akishafariki jina lake halitajwi. Ni kumsumbua yeye na ni kumuumiza mama. Kwa hiyo alizunguka jina lote hilo akanipa kila kitu isipokuwa lenyewe, na mimi nikasikia mtu anayetaka kuwa staa. Jina nililipata kwa muuza duka mmoja, lakini sitaliandika hapa.

Na miaka yote watu wakimcheka, alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaingia bandani kila mnada akidhani labda leo nitaiweka ile.

Sasa usinilaumu, muda wa kulaumu umeisha, ni muda wa kazi. Nina mpango na mpango wangu unatisha kwa uzuri. Mama hawezi kuja tena Mkata, na sitaki aje pale alipochekwa. Banda litamfuata Mazingara! TV, deki, jenereta, vyote. Bwana Isihaka alikataa, nikamwambia jina la biashara litafika mpaka kwenye maboma, akakubali na trekta ya mahindi akanipa. Nimeongea na Mzee Parsaoti, mkubwa wa boma lao. Aliwaza sana kama ni sawa kumtazama mtu aliyeondoka. Mwisho akasema aulizwe mama, na mama akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Safari hii ni upande wa pazia. Tutaona kanga na pindo lake lote, mwalimu, umefurahi?

Ni siku nyingi sijalala vizuri kwa raha ya hili jambo. Nimemwambia Lekakeny mama atamwona akitembea, atamwona akigeuka, atamwona akicheka. Nimemwahidi mbele ya watu.

Halafu nina swali dogo la kitaalamu, la kawaida tu. DVD ikipata mchubuko kidogo, ni kweli kwamba dawa ya meno inauondoa? Kuna mtu anauliza.

Kibwana


Korogwe,
30 Julai 2003

Kibwana,

Barua yako ya mwisho nilimsomea Mzee Mwinjuma. Alitoka nje, akarudi, akasema sahani kaa nayo, asikuharakishe mtu.

Nami nikwambie kitu. Tangu nijue ni nani, namwona. Nikifunga duka namwona anageuka. Anaanza na bega, kisha shingo, halafu kicheko kinatangulia kabla ya uso kufika. Mama yake akikiona hicho hatakuwa na haja ya picha ya kitambulisho.

Ni mtu gani anauliza habari za dawa ya meno? Mchubuko wa nini, na uko upande gani? Ile alama yako uliiweka kwa kitu gani? Nijibu kwa basi la kesho, kabla hujaenda Mazingara.

Hajira


Mkata,
6 Agosti 2003

Hajira,

Basi la kesho lilipita nikiwa nimesimama pale pale stendi na karatasi tupu. Sikukujibu. Tukaenda Mazingara.

Nikuanzie na yale mazuri, kwa sababu yalikuwepo na yalikuwa mazuri kweli. TV tuliilaza katikati ya magodoro mawili, mimi nikailalia juu ili isiruke kwenye mashimo, nikafika nimevunjika mbavu lakini yenyewe nzima. Watoto walitukimbilia toka mbali. Kwa kuwa jua lilikuwa bado kali, kina mama wakatundika ngozi na mablanketi kwenye mlango wa nyumba ya mama, ndani kukawa giza la kutosha. Nyumba ni fupi, nimeonyesha sinema nimepiga magoti. Waya wa jenereta tuliupitisha kwenye tundu la moshi. Mbuzi mmoja aliingia kutazama, akatolewa, akarudi.

Nilipowasha, lile pazia jeusi likatokea juu na chini, nikasubiri waanze. Hakuna aliyelalamika. Wengi wao hawajawahi kuona TV, hakuna aliyewaambia inatakiwa ijae. Nimekaa na hilo jambo sana tangu siku ile. Mimi niliyejua ndiye niliyekuwa sijui.

Mama alikaa kushoto. Hakuambiwa, alikwenda mwenyewe, karibu kabisa, mwanga wa kioo ukawa unawaka kwenye shanga zake.

Korongo likaja. Dume. Lekakeny katikati, mdogo kama kidole kama nilivyokwambia, na hakuna aliyemjali, hata yeye mwenyewe. Na pembeni kabisa, kutoka ukingoni, akaingia yule. Fimbo kwanza. Halafu mkono. Halafu bega na mgongo, na ile shuka nyekundu, anatembea kama ulivyosema, kama ardhi inamchoma. Mama akatoa sauti. Haikuwa kilio. Ni ile sauti ya mtu anayepokelewa mzigo mzito kichwani. Alimjua kwa mwendo tu, Hajira, kabla ya uso. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bega.

Na picha ikasimama.

Ilisimama hapo hapo. Bega limeanza kugeuka, shingo bado. Sikio linaonekana, na ukingo wa shavu, basi. Nilibonyeza rimoti mfukoni, kisirisiri. Ikatetemeka kidogo, vipande vipande kama maji yaliyotupiwa jiwe, ikarudi kusimama.

Halafu mama akasema kitu, na Naomi, shemeji yake Lekakeny, akanitafsiria. Alisema, "Asiondoke. Mwache hapo hapo." Wakageuka wote kunitazama, wakaanza kunishukuru. Walidhani nimemsimamisha mimi. Walidhani ni heshima, kwamba kijana wa Mkata ameelewa mama anataka kutazama, akamsimamishia mwanawe amtazame mpaka atosheke. Mzee Parsaoti alinitemea mate ya baraka mikononi na kwenye paji la uso. Na mimi, unanijua, nikainamisha kichwa nikabarikiwa. Wakanipa beberu, mweupe, mkubwa, nikampokea. Kafungwa hapa nje wakati naandika, anakula ubao wangu wa matangazo, na sina moyo wa kumzuia.

Mama alikaa hapo mpaka jenereta ilipoanza kukohoa. Alimwongelesha. Naomi hakutafsiri, wala sikumwuliza.

Ni Lekakeny peke yake aliyengoja. Alikuwa amechuchumaa nyuma yangu. Yeye alikuwepo siku ile, anajua kinachofuata. Akaniinamia sikioni akasema taratibu, "Sasa ageuke."

Nikamwambia mashine imechoka, petroli imekwisha.

Akasema sawa, siku nyingine. Akamweleza mama, mama akaitikia kwa kichwa. Naomi akaniambia mama amesema hana haraka, amengoja mengi, atangoja na hilo.

Nimerudi Mkata nimejaribu kila kitu. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya nazi, nimeifuta kwa kanga mpya. Nikiiruka mbele, korongo limeshapita na rubani anakunywa maji. Nikiirudisha nyuma, anaingia, fimbo, mkono, bega, anaanza, anasimama. Katikati ya hapo hakuna njia. Mimi nilipoijaribu macho yangu yalikuwa kwa Lekakeny tu, kwa hiyo wewe na Mzee Mwinjuma ndio watu pekee huku kwetu mliomwona akicheka humo ndani, na nadhani ndio wa mwisho. Nakuomba uje. Uje tuende wote Mazingara, ukae na mama, umwonyeshe kwa bega lako na shingo yako jinsi alivyogeuka. Wewe utaweza. Mimi nikisimama mbele yake nitaanza kumdanganya tena, na ananiamini.

Uliniuliza alama niliiweka kwa kitu gani. Ni kwa msumari, Hajira. Wa mabati, mpya. Nilikaa kizingitini siku ile sahani ilipofika, jua linaiwakia vizuri, nikachora herufi ya kwanza ya jina langu, kubwa, nikakandamiza, kisha nikairudia ili iingie. Na hapo anapotakiwa kugeuka pamekaa hiyo K.

Kibwana